Neva ikikatika, seli inaishi muda gani? Mwongozo kamili wa kuchunguza hisi ya umeme ya domodomo

Mwanafunzi akishakata neva ya samaki wa umeme na kuona samaki haitikii tena, jambo la kwanza analoandika kwenye daftari ni kwamba seli za hisi zimekufa. Siku hiyo bado ziko hai. Kilichokatika ni njia ya habari. Seli yenyewe imebaki ngozini inapokea umeme na kukosa pa kuupeleka. Itakufa baadaye, na kati ya kifo cha neva na kifo cha seli ndipo kazi yote ya utafiti huu ilipo. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuupima muda huo kwa samaki wetu wenyewe, domodomo, akiwa Nairobi: mwanafunzi wa uzamili, fundi wa maabara, au mwalimu anayesimamia mradi. Hatua za kufuga na kusikiliza hata mwalimu wa sekondari anaweza kuzifanya na darasa lake. Zile za kisu si za nyumbani wala za darasani.

Mjue samaki kabla ya kumgusa

Domodomo, Mormyrus kannume, ni wa jamii ya mormiridi, samaki wa mito na maziwa wanaopatikana Afrika tu. Yumo Ziwa Victoria, na ndugu zake wamo katika mito ya Tana na Athi. Karibu na mkia ana ogani ya umeme iliyotokana na misuli, inayotoa mapigo mafupi ya umeme hafifu ambayo mkono wako hautayahisi. Hans Lissmann wa Cambridge ndiye aliyetangaza mwaka 1951 kwamba Gymnarchus niloticus, jamaa wa karibu wa mormiridi, hutoa umeme mfululizo kutoka mkiani. Mwaka 1958 yeye na mwenzake Machin wakaeleza jinsi samaki huyo anavyotambua vitu kwa umeme huo: kila kitu kilicho jirani hupotosha uga wa umeme, na ngozi huusoma upotoshaji huo.

Ngozi ya domodomo ina aina tatu za ogani za kupokea umeme, na lazima uzitofautishe tangu mwanzo, kwa sababu jaribio la aina moja halikuambii lolote kuhusu nyingine.

Ampula ni vishimo vyenye mfereji uliojaa ute, unaofunguka juu ya ngozi. Seli zake hupokea umeme wa masafa ya chini, kama ule unaovuja kutoka kwa lava wa wadudu waliojificha kwenye tope. Samaki hahitaji kutoa umeme wake mwenyewe ili kuutumia mfumo huu.

Nolenogani ni ogani za mawasiliano. Hazina mfereji wazi. Juu yake kuna kizibo cha seli za ngozi zilizolegea. Ndani yake mna seli kubwa, kila moja katika kijumba chake. Zinapokea mapigo ya samaki wengine. Samaki mwenyewe akitoa pigo, ubongo wake huzima habari za nolenogani kwa muda mfupi mno ili asijisikie mwenyewe.

Mormiromasti ndizo za kutambua vitu. Zina vyumba viwili, cha juu chenye seli za aina A na cha chini chenye seli za aina B, na kila aina ina neva zake. Za A hupima ukubwa wa pigo la samaki mwenyewe. Za B hupima ukubwa pia, lakini hugundua vilevile pigo lililobadilika umbo, na hivyo samaki hutofautisha kitu chenye uhai na jiwe.

Seli hizi zote hazina mkia wa neva wa kwao. Kila moja hutoa kemikali kwenye makutano yake na uzi wa neva, na uzi huo ndio unaobeba habari. Ogani za kichwani huhudumiwa na neva ya mbele ya mstari wa pembeni (mstari wa viungo vya hisi ubavuni mwa samaki), za mgongoni na tumboni na neva ya nyuma, na zote huishia kwenye sehemu maalumu ya ubongo wa nyuma. Ubavuni katikati na kwenye shina la mkia ogani hizi hazipo, kwa hiyo usipoteze muda kuzitafuta huko.

Kuna jambo moja linalovuruga matokeo ya wengi. Neva hizo hizo hubeba pia habari za neuromasti, yaani viungo vya kuhisi mwendo wa maji. Ukikata, umekata vyote viwili. Kwa upande mwingine, amri ya kutoa umeme haipiti huko. Hutoka kwenye shina la ubongo na kushuka kupitia uti wa mgongo hadi kwenye ogani. Samaki aliyekatwa neva ya hisi ataendelea kutoa mapigo kama kawaida, mfano wa simu inayopiga vizuri lakini spika yake imekufa. Mapigo yakinyamaza baada ya upasuaji, kuna jambo jingine limeharibika: dawa imezidi, baridi imeingia, au uti umeguswa.

Hatua ya 1: Vibali, kabla ya samaki

Kwa Kenya, utafiti wowote unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na taasisi yako itataka barua ya kamati ya maadili ya matumizi ya wanyama. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inahusu kila mnyama wa uti wa mgongo aliye mikononi mwako, samaki akiwemo. Kuvua na kusafirisha samaki hai kuna utaratibu wake chini ya sheria ya uvuvi ya mwaka 2016, na afisa wa uvuvi wa kaunti utakakochukua samaki ndiye wa kumwona kwanza.

Andika ombi lako ukijua kamati itauliza maswali matatu: kwa nini mnyama hai, kwa nini idadi hiyo, na utapunguzaje maumivu. Jibu la kweli kwa swali la kwanza ni kwamba kifo cha seli kinachotokana na kukosa neva hakiwezi kuonekana kwenye samaki aliyekufa sokoni. Kwa la pili, upande mmoja wa samaki utakuwa jaribio na upande wa pili kilinganishi, kwa hiyo idadi inapungua. Kwa la tatu, mweke daktari wa mifugo kwenye timu tangu mwanzo, si jina la kujaza fomu tu. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wataalamu wa anatomia ya wanyama wako kampasi ya Chiromo, na wa tiba wako Upper Kabete. Mwendo kati ya pande hizo mbili ni mfupi kuliko foleni ya kurekebisha ombi lililokataliwa.

Wakati unasubiri vibali, nenda kaangalie samaki waliohifadhiwa katika kitengo cha samaki cha Makumbusho ya Taifa. Utajifunza kuutambua mdomo, shina la mkia na mstari wa pembeni bila kumsumbua mnyama yeyote.

Hatua ya 2: Kumpata na kumfikisha Nairobi akiwa mzima

Wavuvi wa Kisumu wanamfahamu domodomo, ingawa si wengi kama zamani kabla mbuta (sangara) hajalitawala ziwa. Ongea na kamati ya usimamizi wa ufuo na uwaambie wazi unachotaka: samaki wadogo, sentimita 12 hadi 15, walionaswa kwa mtego wa kikapu. Anayetoka kwenye nyavu za kunasa mashavu huwa amechubuka, na ngozi iliyochubuka haifai kitu kwako, kwa sababu ngozi ndiyo unayoichunguza.

Safari ya Kisumu hadi Nairobi ni kilomita 350 hivi, na ukosefu wa hewa ndio hatari kubwa. Gnathonemus petersii, ndugu wa domodomo, amepimwa na kuonekana ubongo wake pekee hutumia karibu asilimia 60 ya oksijeni yote ya mwili. Jamii hii haivumilii maji yaliyochoka. Mfuko wa plastiki uwe na maji theluthi moja na oksijeni halisi theluthi mbili, samaki mmoja kwa mfuko, ndani ya kasha la kuzuia joto, gizani. Usimlishe siku moja kabla. Safiri usiku.

Hatua ya 3: Tangi na maji

Tangi la mita moja, samaki mmoja. Ukiweka wawili watapigana na mwishoni utahesabu makovu ya meno badala ya seli. Mpe bomba la plastiki la kujificha, changarawe laini, na mwanga hafifu.

Maji ya bomba ya Nairobi, yale yatokayo Ndakaini na mabwawa ya Aberdare, ni laini na yanafaa, mradi uondoe klorini kwa kuyapulizia hewa usiku kucha au kwa thiosalfeti ya sodiamu. Ya kisima ni hadithi nyingine: visima vingi vya jiji vina floridi na chumvi nyingi, na maji yenye chumvi hupitisha umeme zaidi, hivyo kubadilisha nguvu ya mapigo yanayofika kwenye ngozi. Ziwa Victoria lina mpitisho wa takriban mikrosiemensi 100 kwa sentimita. Nunua kipimo kidogo cha mpitisho, andika namba kila asubuhi, na usiruhusu ipande au kushuka katikati ya jaribio. Samaki aliyezimikiwa na seli na samaki aliyewekwa kwenye maji ya chumvi hufanana kwa tabia.

Halafu joto. Jiji hili liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai maji ya tangi hushuka chini sana kuliko nyuzi 25 za ziwani. Baridi haimuumizi samaki tu. Hupunguza kasi ya kuoza kwa neva na kasi ya kuota kwake upya, yaani hubadilisha kitu chenyewe unachopima. Weka hita mbili ndogo badala ya moja kubwa, na betri ya akiba kwa pampu ya hewa, kwa sababu stima hupotea usiku usioutarajia. Maabara isiyoweza kushikilia nyuzi 25 mwezi mzima isianze upasuaji.

Chakula ni minyoo ya ardhini iliyokatwakatwa, jioni. Na hapa niseme jambo ambalo maduka ya samaki wa mapambo hayatakuambia: usiweke dawa yoyote yenye shaba, na usitumie viuavijasumu vya kundi la neomaisini, gentamaisini na streptomaisini. Shaba na dawa hizo huua seli za neuromasti zenyewe. Ukizitumia kutibu kidonda, umefuta kilinganishi chako.

Hatua ya 4: Msikilize

Hapa ndipo raha ilipo, na gharama yake ni ndogo. Nenda barabara ya Luthuli ukanunue chipu ya kukuza sauti LM386, betri ya volti 9, spika ya omu 8, rizista mbili za kiloomu 10, kapasita ya mikrofaradi 10 na nyingine ya 220. Elektrodi ziwe vijiti viwili vya kaboni au nyaya za chuma cha pua. Peleka elektrodi moja kwenye mguu wa 2 na nyingine kwenye wa 3, kila mmoja ukiwa na rizista yake kwenda ardhini. Kapasita ya 10 iweke kati ya mguu wa 1 na wa 8, upande chanya kwenye wa 1. Hapo chipu hukuza mara 200. Betri iingie mguu wa 6, mguu wa 4 ni ardhi, na sauti hutoka mguu wa 5 kupitia kapasita ya 220 hadi kwenye spika.

Tumbukiza elektrodi pande mbili za tangi. Utasikia tik, tik, tik, isiyo na mpangilio kamili, polepole samaki akipumzika na kwa kasi akizunguka kutafuta chakula. Ukisikia mvumo wa mfululizo badala yake, huo ni umeme wa ukutani wa mizunguko 50 kwa sekunde. Zima hita na pampu kwa dakika chache unazorekodi, na usitumie chaja.

Kurekodi, punguza sauti kwa rizista kabla ya kuingiza kwenye kompyuta, kisha tumia programu ya bure kama Audacity. Kadi ya sauti ya kawaida itapotosha umbo la pigo moja moja, lakini muda kati ya pigo na pigo utaupata sawasawa, na muda huo ndio unaohitaji kwa hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Jaribio la tabia, kabla ya kisu

Domodomo aliyetulia akikutana na kitu kipya huharakisha mapigo yake ghafla. Itikio hili la ugeni ndilo kipimo chako bora, maana huonyesha kwamba hisi imefika ubongoni bila kumgusa mnyama.

Tengeneza kitu kinachobadilika kwa umeme tu. Chukua bomba jembamba la plastiki, weka kipande cha kaboni kila upande, unganisha vipande hivyo kwa nyaya nyembamba hadi kwenye swichi iliyo mbali na tangi. Swichi ikiwa wazi, samaki anahisi plastiki. Ukiifunga, anahisi kitu kinachopitisha umeme. Hakuna kilichosogea, hakuna mwanga uliobadilika, maji hayakutikisika. Swichi yenyewe isitoe mlio: mormiridi wana kibofu kidogo cha hewa kilichogusana na sikio na husikia vizuri sana. Wala usidhani tochi nyekundu ni giza kwake. Jicho la Gnathonemus petersii huona mwanga mwekundu. Tumia kamera ya usalama yenye infraredi, nazo zimejaa Luthuli hapo hapo.

Weka kitu sentimita moja au mbili kutoka kwenye ngozi, upande wa kushoto wa kichwa, kisha kulia, kisha mgongoni na tumboni kila upande. Pima wastani wa muda kati ya mapigo kwa sekunde tano kabla ya kufunga swichi, na sekunde ya kwanza baada ya kuifunga. Changanya mpangilio wa pande kwa kurusha sarafu. Pumzika dakika kadhaa kati ya jaribio na jaribio, kwa sababu samaki huzoea na itikio hufifia lenyewe. Ukisogeza kitu mbali zaidi, upande wa pili wa mwili nao utaanza kukihisi na jaribio litapoteza maana.

Kwa ampula, mpe uga hafifu sana kutoka betri ya volti 1.5 kupitia rizista kubwa, kwa elektrodi mbili zilizokaribiana. Kwa nolenogani, mchezee mapigo yaliyorekodiwa ya domodomo mwingine na uangalie kama atasita au atajibu. Mwishowe mpulizie maji taratibu kwa bomba la sindano: hilo ni jaribio la neuromasti.

Rudia yote hadi matokeo ya kila upande yatulie. Bila msingi huu, lolote utakaloliona baadaye litakuwa la kubahatisha.

Hatua ya 6: Upasuaji, mikononi mwa anayestahili

Unahitaji makundi mawili kwa uchache: samaki waliokatwa neva upande mmoja, na samaki waliofunguliwa ngozi mahali palepale neva isiguswe. Kundi la pili ndilo litakalokuambia kama mabadiliko yanatokana na neva au na kidonda tu. Ukiweza kuongeza la tatu, neva ibanwe badala ya kukatwa. Ala ya nje ya neva iliyobanwa hubaki nzima na nyuzi mpya hupata njia ya kurudi mapema.

Neva ya nyuma ya mstari wa pembeni ndiyo rahisi zaidi kuifikia bila kugusa vingine, nyuma kidogo ya kifuniko cha matamvua. Ile ya mbele imejipenyeza katikati ya neva za taya na za kuonja, na kuikata kunaleta maswali usiyoyahitaji. Anza na ya nyuma.

Dawa ya usingizi ni trikaini, yaani MS-222, iliyosawazishwa kwa magadi ya kuokea ili maji yasiwe na tindikali. Mafuta ya karafuu hutumika pia kwa samaki, lakini kwa kazi hii chagua moja na usibadilishe. Kumbuka kwamba trikaini hufanya kazi kwa kuziba mifereji ya sodiamu ya neva, kwa hiyo kipimo chochote ulichochukua kabla haijatoka mwilini ni kipimo cha dawa. Maji yenye hewa yapite kwenye matamvua muda wote wa upasuaji. Kata kipande kifupi cha neva badala ya kuigawa tu, la sivyo ncha zitaungana mapema na ratiba yako itavurugika.

Hatua ya 7: Kufuatilia, siku kwa siku

Panga vipimo siku ya 1, 3, 7, 14, 30 na 60, na samaki wachache kwa kila siku ya kuchukua tishu. Sasa uelewe unachosubiri.

Sehemu ya neva iliyotengwa na mwili wake wa seli huoza kuelekea nje. Augustus Waller alilieleza jambo hili mwaka 1850 kwa neva za ulimi wa chura. Siku ya kwanza uzi uliokatwa unaweza kuonekana mzima hata chini ya hadubini, ilhali samaki haitikii chochote upande huo. Tabia imezimika papo hapo, tishu bado.

Baadaye miisho ya neva chini ya seli za hisi huvimba na kupotea. Seli zinabaki bila mwenza. Ndipo zinapoanza kusinyaa: kiini hukolea na kuwa cheusi, vinyweleo vya juu hupungua, na seli jirani za kuegemea huzimeza. Ogani haitoweki kwa mkupuo mmoja. Mara nyingi utakuta chumba kipo, seli za kuegemea zipo, na seli za hisi hazipo. Ukiona hivyo usiandike kwamba ogani imeharibika. Andika kilichopo na kisichopo.

Tabia hii ya kufa kwa kukosa neva si ya umeme peke yake. Mwaka 1920 Olmsted alionyesha kwamba kambare wa Marekani akikatwa neva ya saba ya kichwa, vionjio vya ndevu zake hupotea, na hurudi neva ikiota tena. Neuromasti ni sugu zaidi, huweza kukaa muda mrefu bila neva. Ndiyo maana ni kilinganishi kizuri sana: ziko kwenye ngozi ile ile, zimekatiwa neva ile ile, siku ile ile. Ampula zikifa na neuromasti zikabaki, huwezi kusingizia maji, baridi wala ugonjwa.

Sipendi watu wanaochukua matokeo ya samaki wa umeme wa Amerika ya Kusini na kuyabandika kwa mormiridi. Makundi haya mawili yalipata hisi ya umeme kila moja kwa njia yake, na kufanana kwa ogani zao hakuna maana kwamba seli zao huzitegemea neva kwa kiasi kilekile. Pima ya kwako.

Hatua ya 8: Iulize seli yenyewe

Nolenogani zina zawadi ambayo watu wa tabia na watu wa hadubini huisahau. Seli zake hutoa mapigo yao wenyewe, yanayoweza kunaswa kwa elektrodi iliyowekwa juu ya ngozi, mahali ogani ilipo. Mapigo hayo hutoka kwenye seli ya hisi, si kwenye neva. Kwa hiyo unaweza kumweka samaki aliyetulizwa, mwenye pumzi ya msaada, ukampa pigo dogo la umeme na kusikiliza kama seli inajibu hata kama neva yake ilikatwa wiki iliyopita.

Hapa swali la mwanzo hupata jibu. Tabia haipo, seli inajibu: neva imekatika, seli hai. Tabia haipo, seli kimya, tishu zinaonyesha seli ipo: seli inaugua, au elektrodi yako haiko mahali pake; jaribu ogani ya upande mzima kabla ya kuamua. Tabia haipo, seli kimya, chumba kitupu: seli imekufa. Na hali ya nne huja mwishoni, neva ikiwa imerudi: seli inajibu, tishu zina seli mpya, lakini tabia bado ni dhaifu. Hapo angalia ubongoni, maana nyuzi zilizoota upya si lazima zirudi kwenye ogani zile zile zilizokuwa zikizihudumia.

Kazi hii inahitaji kikuzaji bora kuliko cha Luthuli, meza isiyotikisika, na mtu aliyewahi kuifanya.

Hatua ya 9: Tishu na hadubini

Samaki auawe kwa dawa ya usingizi iliyozidishwa, kisha ngozi ya pande zote mbili itolewe upesi na kuwekwa kwenye formalini ya asilimia 10 au mchanganyiko wa Bouin, ambavyo huhifadhi tishu. Magamba yalainishwe kwa kemikali ya EDTA, la sivyo kisu cha kukatia kitayapasua na kuchana kila kitu. Nta ya parafini ya kushikilia tishu, vipande vya mikromita 5, rangi ya hematoksilini na eosini kwa umbo la jumla, rangi ya PAS kwa ute wa ampula, na rangi ya fedha kwa nyuzi za neva.

Alama ya kwanza ya kutafuta ni ngozi yenyewe. Ya mormiridi ina tabaka la seli bapa zenye pembe sita, zilizopangwa juu ya nyingine kwa safu zilizonyooka. Ukiliona tabaka hilo limekatizwa, hapo kuna ogani. Mfereji wenye ute uliofunguka juu ni ampula. Kizibo na seli kubwa moja moja katika vijumba ni nolenogani. Vyumba viwili, cha juu na cha chini, ni mormiromasti. Na kwa kuwa zina aina mbili za seli zenye neva tofauti, hesabu A na B kando kando, hata kama inachosha.

Anayehesabu asijue ni upande gani wala siku gani. Mwenzako afunike lebo na kuzipa namba, na orodha ya namba hizo ikae kwenye bahasha hadi hesabu ziishe. Kwa makutano ya seli na neva hadubini ya kawaida haitoshi; tenga mapema vipande vidogo kwenye glutaraldehaidi kwa ajili ya hadubini ya elektroni, hata kama bado huna uhakika wa kuipata. Tishu iliyoingia parafini haifai tena kwa kazi hiyo.

Samaki watakaobaki bila kutumika wasirudishwe ziwani, na kamwe wasimwagwe kwenye mto Nairobi. Kubaliana na kamati ya maadili tangu mwanzo kama watabaki tangini kwa mafunzo ya kusikiliza umeme au watauawa kwa utaratibu, kisha mizoga yao, ikiwa na tarehe, mahali waliponaswa na namba ya kibali, ikabidhiwe makumbusho. Sampuli za domodomo zenye taarifa kamili hazijazidi kamwe.